Motokaa Iliyomfikisha Tata Nusu ya Njia

Anayetaka kununua motokaa kuukuu ya kifahari aje kwanza kwangu nimwambie, ingawa najua hatasikia, maana hata mimi niliambiwa. Ilikuwa enzi za Mwingereza, kahawa ina bei nzuri, na kila aliyejua kusoma mizani pale Bukoba mjini alijiona bwana mkubwa. Mimi nilikuwa karani wa ghala la kahawa, nikikaa Kitendaguro. Mzungu mmoja alikuwa anarudi kwao, dalali akanipeleka kuiona motokaa yake: nyeusi, ndefu, viti vya ngozi, mbao zinazong'aa mbele ya dereva. Nikaingia, nikafunga mlango. Ukafungika kwa sauti nzito ya heshima. Basi, akili zikaniruka palepale.

Mwezi haujaisha, giaboksi ikaanza kunguruma. Nikaipeleka Miembeni kwa fundi, mzee Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani, na ulimi wake ulikuwa bado wa pwani. Akalala chini ya gari, akafungua nati, akachovya kidole, akanusa.

"Bwana, kwako mnakula nini?"

"Matoke, kama watu wote."

"Basi na gari lako halikubaki nyuma."

Giaboksi ilikuwa imeshindiliwa maganda ya ndizi mbivu! Dalali, au sijui nani kabla yake, aliyatia humo ili meno yaliyolika yasipige kelele siku ya kuuza. Na siku ile ya kununua harufu niliisikia, tena vizuri. Mtu wa kwingine angeshtuka. Mimi Mhaya, nimezaliwa katikati ya migomba, harufu ya ndizi itanishtua nini? Fundi alicheka mpaka akatoka machozi. "Rahisi ghali, bwana," akasema, kisha akaanza kuyachokoa maganda kwa bisibisi.

Tangu hapo sikupumzika. Rejeta ilivuja, ikachemka kwenye kila mlima, na kwetu milima haikosekani, kwa hiyo nilitembea na debe la maji kama mchota maji. Breki zilishika upande mmoja, ukizikanyaga gari linaelekea shambani kwa watu. Springi ya kushoto ililala, abiria wote wakawa wanateleza upande huo. Taa zilizimika mvua ikinyesha, na Bukoba mvua ni kila siku. Kipuri kilitoka Kampala, au Mombasa kwa treni na meli ya ziwani, nikingoja wiki nane, na kikifika si chake, ni cha motokaa ya mwaka mwingine. Hata mipira ilikuwa ya kipimo chake peke yake. Mwenye lori akipasukiwa huazima kwa mwenzake. Mimi niazime kwa nani?

Siku moja niliiacha kando ya barabara Ijuganyondo nikaingia msibani. Kutoka, taa moja hakuna, gurudumu la akiba hakuna. Kupata taa nyingine na gurudumu jingine kulinichukua miezi minne. Tangu siku ile sikuiacha peke yake tena. Nilikunywa chai dukani nimesimama mlangoni, kanisani nilikaa kiti cha nyuma kabisa, shingo imegeukia uani. Mke wangu akaniambia, "Iuze, baba, utapata kichaa." Nikamjibu kwa ukali, nani atainunua? Ukweli ni kwamba sikutaka kuiuza. Watoto wakiiona walipiga kelele za furaha, na wazee waliniamkia kabla sijawaamkia.

Halafu Tata akaugua. Hivyo ndivyo tulivyomwita baba kwa Kihaya, na sijui kumwita vinginevyo. Kwake kulikuwa Muleba, kwenye kibanja alichoachiwa na baba yake, migomba na mibuni. Tumbo lilimvimba, nikamlaza hospitali mjini, na baada ya majuma mawili daktari akaniita pembeni, akasema mzee aende nyumbani. Tata hakuhitaji kuelezwa. "Nirudishe kibanjani," akaniambia. "Nife nimelala kwangu, na wewe uko karibu. Sina mwingine." Kweli hakuwa na mwingine. Wa kiume nilikuwa mimi tu, na dada zangu waliolewa mbali.

Asubuhi ile jirani yangu alikuwa anapeleka lori Muleba kuchukua kahawa. Akaniambia mbele kuna nafasi, tumlaze mzee, tutafika kabla ya saa sita. Nikakataa. Mtu mwenye motokaa ampakie baba yake kwenye lori la magunia? Watu watasemaje? Jeuri tu, hakuna jina jingine.

Tukamlaza kiti cha nyuma. Akapapasa ngozi kwa kiganja. "Ee waitu," akasema taratibu, "huyu ng'ombe alikuwa mnene." Nilifurahi sana kumsikia akitania. Tulipita Kemondo, ikachemka mara mbili, nikaongeza maji. Baada ya Muhutwe, katikati ya mlima, ukasikika mlio mmoja tu, kah! Injini inazunguka, magurudumu hayaendi. Ekseli ya nyuma ilikuwa imekatika. Nikatega jiwe gurudumuni, nikakaa chini barabarani. Nilikuwa nimechoka hata hasira haikuja.

Watu waliokuwa wakipalilia jirani wakaja. Walipomwona mgonjwa hawakuuliza yeye ni nani. Kwetu mgonjwa aliye njiani ni wa kila mtu: walikata miti miwili, wakafunga blanketi, machela ikawa tayari. Wangembeba mpaka kijiji kinachofuata, wa kule wangepokea, na kuendelea hivyo mpaka Muleba. Mkubwa wao akaninyooshea mti wa upande wa kichwa. "Shika hapa," akasema. "Mzazi wako huyu."

Nikaitazama motokaa. Taa mbili, vioo, mipira mitano.

"Tangulieni," nikasema. "Natafuta wa kuilinda, nitawakuta mbele."

Yule mkubwa wao akauweka mti begani kwake mwenyewe. Tata alinitazama kutoka kwenye blanketi, akafumba macho. Wakaondoka mbio mbio, kama wanavyokwenda wabeba machela, nami nikawatazama mpaka kona.

Mlinzi sikumpata. Niseme kweli: niliwauliza wawili tu, na sura zao hazikunipendeza. Kila saa nilijiambia bado nitawakuta. Jua likazama nikiwa mle ndani.

Fundi, niliyemtumia habari kwa mpita njia mwenye baiskeli, alifika asubuhi kwa lori na mnyororo. Akauliza, "Mzee yuko wapi?" Nikasema wametangulia naye. Siku hiyo hakutania hata neno moja.

Nikamwachia motokaa, nikadandia lori lililopita, nikafika Muleba mchana. Uani palikuwa na moto wa msiba na wanaume wameuzunguka, na hakuna aliyeinuka kunipokea. Shangazi yangu, dada yake Tata, ndiye alitoka ndani. Akaniambia walimfikisha jioni akiwa hai, wakamlaza kitandani kwake kama alivyotaka, akaishi mpaka alfajiri. Kila mbwa alipobweka aliuliza kama ni mimi.

"Mkamwambia nini?"

"Tulimwambia umebaki na gari."

Nilimwomba Mungu Tata awe amenilaani. Laana ningejua la kuifanya, ningeikataa, ningelia, ningegombana nayo.

"Akasemaje, shangazi?"

"Akasema tusikulaumu," akanijibu. "Alisema, 'Mwacheni, naye ana mgonjwa wake.'"