Aliyegeukia Ukuta

Nilipokuwa mtoto tuliishi Barking, mashariki mwa London, ghorofa ya pili, mlango kwa mlango na Mama Bharti, Mhindu. Yeye na mama yangu wote walizaliwa Unguja. Alikuwa mjane. Tukikutana naye kwenye ngazi asubuhi, aligeukia ukuta mpaka tupite. Kwao iliaminika kwamba anayetoka nyumbani akakutana uso kwa uso na mjane, safari yake huharibika. Nami niliamini. Siku za mtihani nilichungulia kwanza ndipo nikatoka.

Harusi ya bintiye ilipokaribia, tulialikwa kwenye kupaka manjano. Bharti aliketi sebuleni juu ya kibao, bakuli la manjano mbele yake. Wanaompaka bi harusi ni wanawake wenye waume hai. Mamake alikuwa amejifungia chumbani, asije akamtia mwanawe nuksi.

Shangazi wa Bharti, dada wa marehemu, akamwita mama yangu. "Njoo upake, Mama Salma. Wewe mumeo yupo."

Mama hakunyanyuka. "Nipake mimi, na aliyemzaa yuko nyuma ya mlango? Kwetu eda ina mwisho, bibi. Hii yake itakwisha lini?"

Bharti akasimama, akachukua bakuli, akaenda kugonga mlango wa chumba.

"Mama, fungua."

"Rudi ukae, mwanangu. Nikikugusa, kisha mumeo akapatwa na jambo, nitamwambia nini mamake?"

Nilishika nguo ya mama yangu. Bwana harusi sikumjua hata sura, lakini tayari nilimwona amegongwa na basi.

"Tangu baba afariki," Bharti akasema, "uso wa kwanza ninaouona asubuhi ni wako. Nimekwenda shule, nimekwenda kazini, nimerudi. Nitajie siku uliyonidhuru."

"Harusi si shule, we mtoto!" shangazi akafoka.

Tulingoja. Mwishowe komeo likalia. Mama Bharti alitoka amejifunika uso kwa sari yake nyeupe. Alichovya vidole, akaanzia miguuni, akigusa na kuondoa kama mtu anayepima maji ya moto. Alipofika mashavuni sari ilikuwa imemwanguka, na hata shangazi hakumwambia arudi ndani.

Nimefundisha watoto miaka mingi, na sijaona woga mgumu kuutoa kama ule unaotokana na mapenzi. Bwana harusi hakupatwa na lolote, lakini mwaka mzima simu ikilia Mama Bharti alishtuka.

Jumatatu baada ya harusi nilimkuta kwenye ngazi. Akageukia ukuta, kwa mazoea. Kucha zake zilikuwa bado za manjano. Sikupita.

"Shikamoo, Mama Bharti."

Ilimchukua muda kugeuka. "Marahaba, mwanangu. Haya, nenda, utachelewa."

Nilichelewa kweli, basi liliniacha. Hiyo ndiyo nuksi pekee ninayoweza kumhesabia, na sijawahi kuijutia.