Kitabu Kilikuwa Changu, Akafukuzwa Tausi

Mimi ni mama wa miaka sitini na nane, mwalimu mstaafu, naishi Chemchem hapa Tabora. Jina langu lifichwe tafadhali, maana nusu ya mtaa huu nimewafundisha mimi.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni ya wasichana. Rafiki yangu alikuwa Tausi, binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Mtendeni. Darasani tulisomeshwa vitabu vya vijiji vya Ujamaa na ubaya wa uvivu. Havikuwa vibaya, ila tulishaambiwa la kufikiri kabla hatujafungua ukurasa, na mwishoni maswali kumi yanakungoja. Vijitabu vya mapenzi vilipigwa marufuku, na ndivyo tulivyosoma mpaka kurasa zikachanika. Humo msichana aliweza kumkataa mume aliyechaguliwa na mjomba wake. Tulikuwa na miaka kumi na sita. Hayo ndiyo tuliyotaka kuyajua, na hakuna mtu mzima aliyekubali kutuambia.

Kimoja nilikileta mimi kutoka likizo, nimekifunika kwa gazeti. Siku moja tukiwa shamba la shule tunapalilia, tukasikia matroni anapekua mabweni. Nikasingizia tumbo, nikakimbia. Nilipokitoa chini ya godoro langu, matroni alikuwa ameshafika bweni la jirani, nisingeweza kutoka nacho. Nikakisukuma chini ya godoro la Tausi, nikatoka.

Jioni mkuu wa shule akakiinua mbele yetu sote.

"Hiki ni cha nani, Tausi?"

"Sijui, mwalimu."

"Kimelala kitandani kwako, hujui?"

Tausi akanitazama. Mimi nikainamisha kichwa.

Barua ya kumfukuza iliandikwa "mwenendo mchafu." Baba yake kwa aibu akamwoza kwa mkulima wa njia ya Ulyankulu, mtu mzima aliyemzidi miaka ishirini. Tausi alikuwa wa kwanza darasani. Mimi nilikuwa wa tisa. Nikawa mwalimu, na miaka thelathini nikawachapa wasichana wa watu niliowakuta na vitabu kama kile.

Jumamosi iliyopita Tausi alikuja kwangu. Nikamkaribisha kiti, akakataa.

"Siku ile nilikufuata na maji ya kunywa, nikidhani unaumwa kweli," akasema. "Nikakuona dirishani."

"Mbona hukusema, mwenzangu?"

"Nilikuwa nangoja useme wewe."

Nikaanza kulia. Akasema, "Usinililie. Mume wangu amekufa akiniita malaya wa shule, na wanangu wamekua wakilisikia neno hilo. Ijumaa ni arobaini yake. Njoo uwaambie."

Mume wangu anasema nitajivunjia heshima uzeeni bure, Tausi mwenyewe ameshazeeka. Binti yangu, naye mwalimu, tangu nimweleze hapokei simu zangu.

Ijumaa ni keshokutwa. Naogopa nyuso za wale watoto kuliko nilivyomwogopa matroni. Ninyi mnaosoma haya, kama Tausi angekuwa mama yenu, mngetaka nije, au mngenifukuza mlangoni? Niambieni, maana nguo ya kwenda nimeshaipiga pasi na miguu haitaki.