Mwaka Maman Alipopoa

Harufu ya sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, wakikaangwa kwa mawese ndiyo iliyoniamsha kila asubuhi nyumbani kwetu Cimpunda, mtaa wa mji wa Bukavu. Maman aliwakaanga kabla ya misa, kisha akawapeleka sokoni akitembea upesi, nami nikimkimbilia nyuma kwenye tope la mtelemko. Nilikuwa na miaka kumi vita ilipoingia mjini. Mwaka uliofuata, harufu ile ilianza kuchelewa. Jua lilipanda, na maman bado kajifunika blanketi. Uso ulimvimba, nywele zikabaki kwenye kitana, ngozi ikakauka, sauti ikawa nzito kama ya mwanamume. Alikula kidogo lakini alinenepa. Alivaa sweta mbili juani, wenzake wakijipepea. Majirani walisema ni huzuni, maana kaka yangu alikuwa amepotea tulipokimbia mapigano. Lakini nani hakuwa na huzuni Bukavu siku zile? Kwa hiyo hakuna aliyemtazama vizuri.

Mimi ndiye niliyechota maji na kukaanga, mafuta yakiniunguza mikono. Siku moja nikachoka. "Maman, weye iko muvivu tu!" nilimwambia mbele ya wageni. Hakunipiga. "Mutoto yangu, mwili iko nzito," alijibu polepole, kana kwamba kila neno analivuta kisimani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wa maman niliuona mwepesi.

Mapigano yalipotulia na njia ikafunguka, papa, yaani baba yangu, alimpeleka hospitali upande wa Katana, nje ya mji, nami nikafuatana nao. Muuguzi mmoja mzee alimpapasa shingo, akamshika kifundo cha mkono akihesabu mapigo ya moyo.

"Maman, unasikiaka baridi hata mu jua? Na choo iko nguvu kutoka?"

Maman akaitikia kwa kichwa.

"Haiko uvivu, haiko huzuni. Kuna tezi hapa mu shingo, imelala. Ikilala, mwili yote inalala."

Akampa vidonge, akamkanya asikose hata siku moja. Kabla havijaisha, maman alikuwa akitembea upesi tena, na asubuhi moja nilimsikia akicheka na jirani uani. Nilisimama mlangoni nikisikiliza tu.

Kisha mapigano yakarudi na barabara ikafungwa. Vidonge vilipoisha, papa alizunguka kila famasi ya mji. Makabati yalikuwa matupu. Maman akarudi chini ya blanketi, taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Alifariki msimu wa mvua, mkono wake ukiwa mkononi mwangu, umepoa hata kabla pumzi haijakatika. Sikuwahi kumwomba radhi.

Leo dawa ile inapatikana mjini, na mimi mwenyewe nameza kidonge kila alfajiri kabla ya chai, maana ugonjwa wa maman nimeurithi. Umri wake nimeshaupita. Wa kwanza kuona dalili zake kwangu alikuwa binti yangu, akiwa na miaka kumi na mmoja. Aliona ninachelewa kumjibu, akaja akaketi karibu yangu, akauliza, "Maman, unajisikia namna gani?" Nilikuwa na jibu lile lile la maman, la mwili mzito, lakini nililia kwanza.