Kombora Aitika

Mtaani walimwita Kombora, kwa kuwa ujana wake wote uliishia jeshini nyuma ya mzinga. Mvumilivu hula mbivu, lakini yeye aliyevumilia mizinga alikula ukimya. Masikio yalikufa yote mawili.

Mkewe alimwandikia kwa chaki kwenye ubao mdogo wa jikoni: chai ipo, mvua inakuja, acha ubishi. Maisha yakaenda. Kisha macho ya Kombora nayo yakaingia ukungu, na daktari wa macho akasema hana la kufanya. Mkewe akawa anaongeza ukubwa wa herufi, mpaka neno moja likajaza ubao mzima. Hapo Kombora aliingiwa na hofu ambayo vita havikuwahi kumpa. Macho yakizima, mtu atamfikia kwa njia gani?

Ndiyo maana alikubali kupasuliwa kichwa uzeeni, apandikizwe kifaa cha kusikia. Daktari wa upasuaji alipotaka kuona mwendo wake, Kombora aliacha fimbo mlangoni akapiga kwata. Mbele ya meza magoti yakamsaliti, akaangukia kiti.

"Mama, mzee amechoka mwili," daktari alimwambia mkewe. "Dawa ya usingizi yenyewe ni mtihani. Na akiamka salama, kuelewa maneno kunaweza kuchelewa, au kusije kabisa."

Mkewe aliandika yote, neno kwa neno, akifuta na kuandika tena. La mwisho lilikuwa lake mwenyewe: NAOGOPA.

"Hata mimi," alisema Kombora. "Twende hivyo hivyo."

Aliamka. Kidonda kikapona kwa kusuasua. Siku ya kuwasha kifaa, binti mtaalamu wa masikio alimbandika kidude cha nje, kikanasa kichwani kwa sumaku. Akamsogelea usoni, akainua mkono, akatamka kwa midomo mipana: "Tayari?"

Kwa mpiga mizinga, neno hilo lina kazi moja tu. Kabla hajawaza, Kombora aliachama kinywa kuupisha mshindo, mikono ikaruka masikioni, kidude kikabanduka na kuanguka sakafuni.

"Nimekivunja?" aliuliza.

Binti alikiokota, akakirudisha. Ghafla akasikia kama misumari ikitikisika ndani ya kopo. Basi ndiyo hii? Kachungulia kaburi kwa ajili ya kopo la misumari? Kombora alitaka kulia. Misumari ikapanda, ikashuka, ikakatika, ikapanda tena. Akamgeukia mkewe. Katika ukungu aliona mabega yake yakitikisika, na misumari ikienda nayo sawasawa.

"Unanicheka, mama," alisema.

Midomo ya mkewe ikacheza. Kombora hakutaka kuisoma. Alimshika mkono, kisha akafumba macho mwenyewe, akaingia katika giza lile lile alilokuwa akilikimbia.

"Sema tena."

Misumari ikapiga mapigo matatu. Kimya. Ikapiga tena matatu: Ko. Mbo. Ra. Hakuwa na hakika. Aliogopa kukosea kuliko alivyowahi kuogopa risasi.

"Naam," akaitika.

Mkono wa mkewe ukaubana wake.