Picha Mia Tatu za Georges

Watu wa Kikula, mtaa wa mji wa Likasi, watakuambia kwamba Laure ni mwanamke mpole. Ni mpole, ndiyo, ukienda kwake kupiga picha ya pasipoti: atakunyooshea kola, atakufuta jasho, atakuomba kwa adabu ufunge mdomo. Miaka kumi na tisa amefanya kazi hiyo kibandani kwake karibu na soko, na miaka yote hiyo amezichukia nyuso. Kila uso unaoingia mle unataka kupendeza, na nyingi, tuseme ukweli, hazipendezi.

Alichopenda ni kuta. Kila baada ya uchaguzi, mvua inapoanza kuyachuna mabango ya wagombea, alitoka na kamera asubuhi na kusogea ukutani mpaka pua iguse. Shavu la mgombea huyu limechanika, chini yake inachungulia tai ya mgombea wa miaka mitano iliyopita. Namba imeliwa na unyevu. Vumbi jeupe la chokaa kutoka machimbo ya Kakontwe limetua juu ya rangi nyekundu ya chama. Katika picha zake humwoni mtu, unaona rangi na mipasuko tu. Siku moja Bwana Constantin, mwalimu wa sanaa kutoka Lubumbashi, aliingia kibandani kupiga picha ya viza, akaziona zimebandikwa nyuma ya mlango. «Abstrait,» alisema, yaani sanaa isiyochora umbo la kitu, akaahidi kuzitundika katika maonyesho yake. Kuanzia hapo Laure akavimba kichwa.

Sasa, mwaka 2023 kaka yake mkubwa, Georges, aligombea ubunge wa mkoa. Georges alikuwa fundi wa kulehemu, mageti ya mtaa mzima yametoka mikononi mwake, na mlevi mmoja alimwambia kwamba kila mwenye geti atampigia kura. Akaamini. Mkewe, Danielle, alimsihi aache. Hakusikia la mtu. Laure ndiye aliyempiga picha ya bango, akiwa ndani ya suti ya kuazima, namba 118 chini ya kidevu. Matokeo yalipotoka Georges alikuwa na kura sitini na moja. Mageti yalizidi mia mbili.

Likasi haina huruma kwa mtu aliyeanguka na tai shingoni. Watoto walimwita Soixante-et-un, Sitini na Moja. Mafundi wenzake walimwita Honorable, mheshimiwa, wakawa wanampangusia benchi kabla hajakaa, kisha wanacheka mpaka wanashika mbavu. Mtu fulani alipita na msumari akayatoboa macho yake bango kwa bango. Danielle akachukua watoto, masufuria na albamu ya ndoa, akaenda zake Kolwezi.

Georges hakuweza kuvumilia kujiona kila kona. Akaanza kutoka alfajiri na ndoo ya maji na kisu kipana, akijibandua mwenyewe ukutani. Laure akamfuata. Si kumsaidia, alimfuata na kamera.

«Laure, shika ndoo basi,» Georges alimwambia siku moja nyuma ya soko. «Batu banaanza kuamuka.»

«Ngoya kidogo, yaya,» Laure alijibu, kwani ndivyo alivyozoea kumwita kaka yake. «Usitoshe kile kipande, kiache pale. Lumière iko bien, mwangaza ni muzuri.»

«Ni uso yangu hii, Laure.»

«Njo maana nasema ngoya.»

Akangoja. Alisimama pembeni na ndoo yake, maji yakimdondokea viatuni, huku dada yake akipiga picha nusu ya mdomo wake, sikio lake, tundu la jicho lake. Wauza mkate walipita wakamsalimia: Honorable! Laure hakugeuka. Alikuwa na furaha, hakuna neno jingine la kuiita. Hakuwahi kupata ukuta mzuri kama kaka yake.

Kadi ya kamera ilipojaa alitafuta cha kufuta, akafuta ile picha ya suti, ya uso mzima, iliyotengenezewa mabango. Ilikuwa nzito, nakala nyingine hakuwa nayo, na haikuwa na maana yoyote kwake.

Mwezi wa nne wa mwaka uliofuata Georges akaanguka garajini alikolehemu, tension, yaani presha, wakasema hospitalini, na kabla ya saa sita mchana alikuwa amekwisha. Katika hekaheka za kumbeba simu yake ikapotea. Sasa kwao maiti hatoki nyumbani bila picha: huwekwa kwenye meza ndogo mlangoni, kila anayekuja kulia aitazame, kisha hutangulizwa mbele ya jeneza mpaka makaburini. Mama yao, Gertrude, alianza kuitafuta kabla hata ya turubai kufungwa. Danielle, mwenye albamu, hakupokea simu. Mabango Georges alikuwa ameyabandua yote. Kadi ya uchaguzi ya Georges ilikuwa imefifia, mahali pa uso pamebaki weupe. Basi mama akamwita binti yake.

«Weye njo uko na mafoto yake mingi. Leta moya tu.»

Laure akaenda mbio, akafungua kompyuta. Picha mia tatu na kumi na mbili za Georges. Akapita moja moja. Kola. Nyusi. Namba. Kidevu kilichomezwa na kidevu cha mgombea mwingine. Hakuna hata moja ambayo mama angeweza kuitazama na kusema, huyu ni mwanangu. Hapo alilia, tusimnyime hilo.

Kisha akafuta machozi akaanza kuunganisha. Jicho lililopona msumari kutoka ukuta wa soko, jicho jingine kutoka darajani, dogo, lililochujuka kwa jua likawa la buluu. Paji la uso kutoka shuleni. Mdomo alikuwa nao wa aina thelathini. Usiku kucha alisogeza vipande, na kulipokucha kulikuwa na kitu mbele yake kilichofanana na mtu. Alitaka kuona kaka. Badala yake, Mungu amsamehe, aliona kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya.

Akaichapisha kubwa, akaitia fremu, akaipeleka kwenye kilio. Wanawake waliokaa mikekani waliitazama, kisha wakatazamana. Nyuma, upande wa wanaume, mtu mmoja alishindwa kujizuia akacheka.

«Huyu ni nani?» aliuliza Mama Gertrude.

«Ni yaya, mama.»

«Apana. Mutoto yangu hakukuwa vile. Ulimukata-kata kama nyama ya soko.»

Aliitoa picha kwenye fremu bila haraka, akampa mwanamke aliyekuwa anawasha mbabula, jiko la makaa la chai. Karatasi nzuri, iliwaka vizuri. Kisha akasimama, akaenda mpaka kwenye jeneza, akagonga kifuniko kwa vidole.

«Mufungule.»

Wakafungua. Georges alilala pale amevimba mashavu, pamba puani, kitambaa kimefungwa chini ya kidevu.

«Sasa mupige foto,» mama alimwambia Laure mbele ya watu wote. «Kichwa yote. Ukikata hata sikio, utarudilia.»

Alirudia mara tatu. Mpaka picha ya nne ndipo kichwa kikaingia chote.

Picha ile ya nne ndiyo iliyotangulizwa makaburini, ndiyo ipo sebuleni kwa mama mpaka leo, pamba na yote. Wageni huivumilia kwa kuipa mgongo. Bwana Constantin alipopiga simu kudai vipande vya mabango, Laure alivituma vyote, na Lubumbashi vimesifiwa sana. Mama hajui, na hana haja ya kujua. Lakini kila Jumapili baada ya misa Laure lazima aende kula kwa mama. Viti viko sita. Mama humwonyesha kimoja, kile kinachotazamana na ukuta wenye picha, humwekea bukari, ugali wa kwao, na mboga mbele yake. Laure akiinamia sahani, Mama Gertrude huacha kula. Huweka mikono mapajani, hungoja, mpaka binti yake ainue uso na kumtazama Georges.