Mikono ya Nyuma

Mkokoteni ule una gurudumu moja tu, na kila mgeni hucheka anapouona mara ya kwanza. Waache wacheke. Njia ya kwenda kwenye maporomoko ya maji, upande wa milima ya Kundelungu, inamtosha mbuzi mmoja, na mkokoteni wa magurudumu mawili ungelala porini. Laurent, fundi wa karakana ya reli, alichukua gurudumu la pikipiki, akaunga vyuma juu yake, akaweka mikono miwili mbele kwa mtu wa kuvuta na mikono miwili nyuma kwa mtu wa kushikilia. Mmoja akiachia, wote wanateremka vichwa chini pamoja na kinanda cha kwaya.

Mtu wa nyuma alikuwa Adolphine. Alianza kushika mikono ile akiwa msichana wa sauti ya kwanza katika kwaya ya parokia, mtaa wa Makomeno, na akaendelea kuishika baada ya kuolewa na mtu wa mbele, Laurent mwenyewe. Kila kiangazi kwaya ilipanda lori mpaka barabara inapokatika, kisha ikatembea. Juu ya mkokoteni kulikuwa na kinanda, mahema, gunia la unga wa bukari, yaani ugali, na sufuria kubwa ambayo Adolphine hakuruhusu mtu mwingine aiguse. Siku hizi vijana wana mabegi ya mgongoni yenye mikanda kila mahali, lakini begi halijawahi kumpikia mtu bukari.

Adolphine alimjua mumewe kwenye miteremko. Mzigo ulijaa kati yao, kwa hiyo yeye aliona kofia ya mumewe tu, na Laurent hakuona chochote, maana mtu wa mbele akigeuza shingo amekwisha. Ikabidi aulize. Kila jiwe, kila mzizi:

"Uko?"

"Niko."

Mwanzoni swali lile lilimpendeza Adolphine. Baadaye, watoto wamezaliwa na mgongo unauma, lilimchosha. "Nitaenda wapi?" alijibu kwa hasira, na kule mbele kofia ikaanza kutikisika. Laurent alikuwa anacheka. Alicheka hivyo miaka yote, na hakuwahi kusema kilichomchekesha. Ukimuuliza, anajibu, "Haina kitu, bibi. Shikilia."

Laurent alifariki wakati wa mvua zilizopita.

Kwaya ina desturi yake. Waimbaji waliofariki katika mwaka huimbiwa pale chini ya maporomoko. Mtu wa nyumbani kwa marehemu husimama mbele, hulitaja jina, na kwaya hulipokea na kuliimba kushindana na maji mpaka pumzi iishe. Kama hakuna mtu wa nyumbani, kiongozi hulitaja yeye, lakini haifanani. Adolphine alitaka kulitaja jina lile kwa mdomo wake mwenyewe. Mwaka huu hakuwa na haja nyingine. Tatizo lilikuwa magoti.

Alitembea na fimbo, akisema hachoki, mpaka juu ya mteremko wa mwisho. Hapo akaketi kwenye jiwe, goti limevimba, na hakuweza kuinuka. Wengi walikuwa wameshafika chini. Waliobaki naye ni Élie, aliyevuta mkokoteni siku hiyo, na Benita, muuguzi, aliyeirithi mikono ya nyuma.

"Maman, kuya ikala ku pus-pus," Benita alisema, akiupigapiga ubao wa mkokoteni.

"Miye siko muzigo!"

Ukali huo ulikuwa na sababu. Zamani, Doudou wa sauti ya nne alijifanya ameteguka mguu, akateremshwa juu ya mkokoteni kama chifu, na alipofika chini akawa wa kwanza kucheza ngoma. Mpaka leo, baba mzima mwenye wakwe, anaitwa Gunia, hata mlangoni mwa kanisa. Aliyempa jina hilo ni Adolphine.

"Kinanda tutaacha hapa, ba Doudou batakuya kuibeba," Benita alisema polepole. "Kule chini beko banakungoya. Habawezi kuimba bila weye."

Adolphine akamkabidhi Élie fimbo yake.

"Bon. Lakini Doudou akicheka, nitamupika mu sufuria yangu."

Walimkalisha mgongo wake ukiegemea ubao wa mbele, kwa sababu ndiyo namna pekee ya kukaa bila kuanguka. Kwa hiyo, mara ya kwanza katika maisha yake, aliteremka mteremko ule akiiangalia mikono ya nyuma. Aliuona uso wa Benita, mdomo umebanwa na meno, jasho, macho yakihama kutoka gurudumu kwenda kwenye jiwe. Basi hii ndiyo sura niliyokuwa nayo, alifikiri, na maskini Laurent hakuwahi kuiona. Alimhurumia sana.

Gurudumu likagonga jiwe. Swali lilimtoka kabla hajawaza.

"Uko?"

"Niko, maman."

Mzizi. "Uko?"

"Niko."

Alikuwa anamwona vizuri kabisa, angeweza hata kumfuta jasho. Hapakuwa na haja ya kuuliza. Akauliza. Kwenye kona Benita akachoka.

"Nitaenda wapi, maman?"

Adolphine akaanza kucheka. Mabega yalitikisika, mkokoteni ukatikisika, machozi yakamshuka, na Élie akapaza sauti bila kugeuka, "Kuko nini kule nyuma?" Adolphine akajifuta machozi. Kumbe ni hiki! Laurent hakuwa na wasiwasi na mikono ya nyuma. Alipenda kumsikia mtu aliyechoka, aliyekasirika, na ambaye hata hivyo hajaachia.

"Haina kitu," alisema mwishowe. "Shikilia, mutoto wangu."

Sauti ya maji ilikuwa karibu sasa. Adolphine aligeuza shingo, na watu wa kwanza wakaonekana chini, Doudou mbele yao, kofia mkononi, na hakucheka. Adolphine akasafisha koo, jina likiwa tayari mdomoni.

Kwenye jiwe lililofuata, akauliza tena.