Mama Mdogo kwa Kijerumani

Nilianza Kijerumani nikiwa na miaka arobaini na ushee, kwa sababu ya mtoto mmoja. Dada yangu alifariki Ujerumani bintiye akiwa hajaanza shule, na baba yake, Mjerumani, akamlea kwa lugha yake. Sasa binti alikuwa na miaka kumi na saba na alikuwa anakuja kwangu Alby, kitongoji cha Stockholm, likizo nzima. Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nilitaka ajue kwamba mimi ni mama yake mdogo, na niliogopa asije akaondoka akiwa amemwona mwanamke fulani tu wa Stockholm.

Basi nikitoka kazini nilikuwa napanda treni kwenda darasani mjini. Mwalimu, mama mtu mzima wa Kijerumani, alinikoma. Mimi neno likinishika siliachi. Nilitaka kujua Mutter, Mutti, Mama na Mami yanatofautiana nini, maana kamusi iliyapa yote maana moja. Akanieleza kwa subira: Mutter ni la barua za ofisini, Mutti ndivyo yeye alivyomwita mzazi wake, Mama ni la wengi, Mami wanalipenda wajukuu zake, hasa wakitaka kitu.

"Na mdogo wake mama?" nikauliza.

"Tante."

"Na dada yake baba?"

"Tante."

"Na mke wa mjomba?"

Akacheka. "Tante pia."

Nilirudi nyumbani nikishangaa. Watu hawa wana majina manne kwa mtu mmoja, halafu shangazi na mama mdogo wamewatia kapu moja. Sikulitaka hilo neno. Nikaunda langu, kleine Mama, mama mdogo neno kwa neno, nikawa nalifanyia mazoezi nikikata vitunguu.

Binti alipofika nilimkumbatia mlangoni, nikalisema. Uso ukambadilika. "Mama yangu alikufa," akajibu polepole, kwa Kijerumani ambacho hata mimi nilikielewa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikampakulia ndizi na maharage. Kisha nikajikaza kumweleza kwa Kijerumani changu cha kuokoteza: kwetu mdogo wa mama naye ni mama, hachukui nafasi ya mtu, ndivyo tulivyolelewa. Alisikiliza, kijiko mkononi. Akauliza, "Mama yangu alikuwa anakuitaje?"

"Mdogo wangu," nikamwambia kwa Kiswahili, nikamfafanulia maana yake.

Akajaribu, midomo ikihangaika kidogo: "Mdogo wangu."

Kwetu mtoto hamwiti mama yake mdogo hivyo hata siku moja. Tungekuwa Bujumbura ningemrekebisha pale pale. Lakini sauti ilikuwa ya dada yangu kabisa, na tangu tumzike hakuna mtu aliyekuwa ameniita hivyo. Nikaitika.